Swali Letu Limefika Dodoma

Kariakoo,
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwanao ni mzima, ila kikohozi kidogo cha vumbi la mtaani. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma ilifika? Na Mama, ameshapumzika na kazi ya korosho au bado anajichosha?

Najua umelalamika kwamba nimekaa kimya. Ni kweli, ila siku hizi zimekuwa na mambo, acha nikusimulie.

Unamkumbuka Mama Neema, yule mwenzangu wa Songea tunayeuza naye vitambaa meza moja pale Mtaa wa Kongo? Kabla ya mvua kwisha tulienda Nairobi kuchukua mzigo. Tuliporudi mpakani tukaambiwa kuna karatasi imekosekana. Karatasi gani, hakuna aliyetueleza. Huyu anakutuma kwa yule, yule anakurudisha kwa huyu. Marobota yakabaki nje, mvua ikashuka, na sisi tumesimama tunaangalia. Tulipofika Dar na kuyafungua, rangi nyekundu ilikuwa imeingia kwenye nyeupe yote. Mama Neema alikaa chini akalia. Mimi nililia nilipofika nyumbani.

Basi wiki ileile redio zikaanza kuzungumzia uchaguzi wa wabunge wa Bunge jipya la Afrika Mashariki, wale watakaokaa Arusha pamoja na wenzao wa Kenya na Uganda. Siku hizi huku redio ni nyingi, Baba, na watu wanapiga simu wanasema wanachotaka. Mtu mmoja akapiga akauliza, "Sisi wananchi tunapiga kura lini?" Mtangazaji akacheka. "Ninyi hampigi, kaka. Wanapiga wabunge wenu, Dodoma." Baada ya hapo ikawa ni vyama tu: chama hiki kitapata viti vingapi, kile kitapata vingapi. Magazeti nayo ni hayohayo. Mpaka, mizigo, mvua, hakuna aliyetaja.

Na sisi tukaingia mkumbo huohuo. Mama Neema ni wa upinzani, mimi unanijua ni mtoto wa balozi wa nyumba kumi wa chama tawala. Siku moja akasema chama chetu kimelala usingizi. Nikamjibu chao ni cha kupiga kelele. Maneno yakazidi, akachukua vitambaa vyake akahamia ng'ambo ya barabara. Wiki nzima tunaonana, hatusalimiani.

Aliyetupatanisha ni Bwana Jayanti, yule Mhindi mwenye duka la jumla tunakochukua mashuka. Alituita wote wawili dukani kwake, kila mmoja akidhani ameitwa peke yake.

"Dada zangu," akasema, "ule mzigo uliolowa ni wa chama gani?"

Hakungoja tujibu.

"Ulilowa wote. Sasa mbunge wenu yupo mjini wiki hii. Kura anayo yeye. Mwendeeni pamoja, mkamwambie."

Mama Neema akanitazama. "Wewe utasema?"

"Tutasema wote," nikamjibu.

Tukaenda, na wanawake wengine wa mtaa wetu wakatufuata. Mbunge akatupokea vizuri, lakini kila tukianza yeye anasema, "Nimewaelewa, kina mama, nimewaelewa." Mama Neema akasimama. "Mheshimiwa, hujatuelewa. Hatukuombi kitu. Tunataka ukawaulize wagombea swali moja: nani kati yao amewahi kuvuka mpaka akiwa na mzigo, na atatufanyia nini sisi tunaovuka nao?" Mbunge akachukua kalamu akaandika. Kisha akalirudia lile swali mwenyewe, neno kwa neno, akasema atauliza.

Siku ya uchaguzi tulijazana dukani kwa Bwana Jayanti kusikiliza redio. Wagombea walikuwa wanajinadi kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya bunge lile. Tukabaki tunatazamana. Wengine wakaanza kuondoka. Ghafla tukasikia sauti ya mbunge wetu, kwa Kiswahili kabisa: "Nina swali la wanawake wa Kariakoo." Baba, mwili ulinisisimka!

Aliyekuwa mbele yake ni mama mmoja, mgombea wa chama cha akina Mama Neema. Tukamsikia akisogeza karatasi zake pembeni. Halafu naye akajibu kwa Kiswahili. "Sijawahi kuvuka mpaka na mzigo. Sitawadanganya. Mkinichagua, nitavuka nao kabla sijaenda kuapa, nione mwenyewe."

Duka zima likapiga makofi. Mimi pia, na najua utakunja uso ukisoma hapa. Lakini waliompa kura Dodoma ni pamoja na wabunge wa chama chako, akashinda.

Na alikuja kweli. Tulipanda naye basi kwenda Nairobi, na wakati wa kurudi akasimama kwenye foleni pamoja nasi, robota lake miguuni. Mwanzoni maofisa hawakumtambua, akazungushwa kama sisi. Walipomtambua wakamletea kiti. Akakikataa, akauliza karatasi zinazotakiwa ni zipi, na kwa nini hazijabandikwa ukutani watu wazisome. Sasa zimebandikwa, Baba, kwa Kiswahili. Banda la kukinga mvua bado halijajengwa, na sitaki kukupambia maneno. Lakini safari iliyofuata tulipita bila kurudishwa.

Mama Neema amerudi mezani. Bado tunabishana siasa, ila huku tunapima vitambaa.

Sasa sikia hili. Tumeitwa Arusha, mimi na yeye, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, kuwaeleza wabunge wa nchi zote tatu habari za mpakani. Tutazungumza kwa Kiswahili, wamesema watatafsiri. Naogopa sauti isije ikatetemeka. Niombee.

Mpe Mama salamu zangu, mwambie kanga zake zinakuja na jirani yetu anayesafiri mwisho wa mwezi. Msalimie dada na mumewe, na bibi, umsomee barua hii polepole, masikio yake nayajua. Mwalimu wangu wa darasa la tano naye asisahaulike.

Redio yetu ya hapa mawimbi yake hayafiki huko, lakini wametuahidi kwamba redio ya taifa nayo itatutangaza. Siku hiyo fungulia redio, uwaite watu wako wa nyumba kumi waje wasikilize. Na yule jirani aliyepandisha bendera ya upinzani mlangoni kwake, mwite naye. Nitakuwa nazungumza kwa niaba yake pia.

Binti yako akupendaye,
Somoe