Dakika Kumi za Shabani

Jumapili, usiku. Jua la leo halikuwa na adabu. Mvua inanong'onwa tangu wiki iliyopita lakini mawingu yanapita tu yanakwenda zake Nzega, sisi tunabaki na vumbi.

Nimechoka. Nimechoka mpaka nywele. Nimetoka zamu ya usiku wodini asubuhi, nikalala usingizi wa kuku, saa nane mchana nikawa uwanjani karibu na stesheni na kibendera mkononi. Kazi ya kujitolea. Siku hizi ukitaka mtu asikatae kitu, mwambie ni cha kujitolea. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja mwenyewe kunieleza kwamba taifa linajengwa na kila mtu kwa alichonacho, na mimi nilichonacho ni saa yenye mshale wa sekunde, ile ninayoibana kifuani kuhesabia mapigo ya wagonjwa. Basi nikawa mtunza muda wa adhabu kwenye mpira wa magongo.

Kazi yenyewe ni hii. Mchezaji akifanya kosa, mwamuzi anamtoa, anakuja kukaa kwenye benchi langu. Mimi natazama saa. Dakika kumi zikitimia nainua kibendera, anarudi mchezoni. Mpaka niinue, haruhusiwi kunyanyuka. Mwamuzi hatazami saa yake, anatazama mkono wangu. Hata mtoto anaweza, alisema balozi.

Sasa niandike habari ya Shabani, maana ndiyo iliyonikalisha hapa badala ya kitandani.

Shabani ni mdogo wangu, tumbo moja, seremala hapa Kanyenye. Mkewe Tatu alifariki kiangazi kilipoanza, malaria ilimpanda kichwani. Wifi yangu yule alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu, lakini nyumba aliijaza. Tangu tumzike Shabani hajalia. Si makaburini, si kwenye arobaini, hata mara moja. Na hasemi. Unamsalimu anaitika, unampa chakula anakigusagusa, basi. Karakana yake aliifunga, ufunguo akaniachia mimi, nikauweka kwenye kopo la sukari, ambalo siku hizi, sukari ilivyoadimika, halina kazi nyingine. Mimi ni muuguzi, nimeona watu wakilia kila namna. Wanaonitisha ni wale wasiolia.

Hata Kondo alishindwa. Kondo ni Mzaramo, fundi wa reli, kwa hiyo kwetu ni mtani. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara mpaka kwao pwani, wakagombania visima na vyakula njiani mpaka ugomvi ukageuka mzaha, na mzaha huo tumeurithi. Mtani wako anakutukana mchana kweupe na huna ruhusa ya kukasirika. Msiba ukitokea ndiyo kabisa, ni kazi yake kuja kuvuruga watu wacheke. Siku ya mazishi Kondo alijifunga khanga ya Tatu, akaenda mlangoni akigombana na muuza dagaa kwa sauti ileile ya Tatu. Watu wazima walishika mbavu. Mimi nililia na kucheka pamoja. Shabani alimtazama tu.

Leo walikutana uwanjani. Nahodha wa timu yetu ya mjini alikuja kumvuta Shabani nyumbani kwake karibu kwa nguvu, akampanga beki, nafasi yake ya zamani. Kondo yuko timu ya watu wa reli. Kipindi cha kwanza Shabani alikimbia kimya, akacheza vizuri, akanywa maji kimya. Nikajisemea afadhali hata anakimbia.

Kipindi cha pili, tukiwa sare ya bao moja kwa moja, Kondo akaja na mpira mbele yangu pale kwenye mstari. Shabani akampokonya, Kondo akaenda chini na vumbi lake. Ndipo nikaisikia. Sauti ya mdogo wangu, ile ya zamani, yenye kicheko chini yake.

"Amka, mtumwa wangu. Ukifa hapa nakuzika na gongo lako, sanda kwako ni hasara."

Nilisimama. Miezi yote hii namwombea mtu huyu aseme neno, na neno lenyewe ndilo hili! Kondo alikuwa chini anacheka hajiwezi.

Filimbi ikalia.

Mwamuzi wetu ni mwalimu wa siasa, amehamishiwa hapa juzijuzi kutoka mbali, mtu safi, soksi mpaka magotini. Yeye alisikia neno moja tu, mtumwa. Alitetemeka kwa hasira ya kweli, hilo sitamnyima. Alisema nchi hii sote ni ndugu, hakuna bwana wala mtumwa, na mtu anayemwita mwenzake hivyo mbele ya umma hastahili kucheza. Nje, dakika kumi. Kondo akamfuata kumweleza kwamba huyu ni mtani wake, na kwamba yeye mwenyewe kabla ya mchezo alimwita mbaya kuliko hivyo. Mwalimu akasema sheria haina utani.

Shabani akaja kukaa benchini kwangu. Uso ulikuwa umefungwa tena. Niliuona ukifungwa, na laiti ningekuwa na jiwe mkononi badala ya kibendera, Mungu anisamehe.

Nikakaza macho kwenye saa.

Haikupita muda, Kondo naye huyo, amelitupa gongo lake chini, anakuja kwetu. Mwamuzi anapiga filimbi, wenzake wanamwita, hasikii. Akaketi ubavuni kwa Shabani. Akasema kama mtani wake kafungwa kwa kumtukana yeye, basi aliyefungwa ni mali yake, maana mtani ni mali ya mtani, na yeye hawezi kucheza huku mali yake imekaa nje. Mwalimu akampa naye dakika kumi. Nikawa na wafungwa wawili, saa moja, na macho yanayotaka kufumba.

Kondo alianza mara moja. Alisema Tatu angekuwepo leo angemfuata mwalimu na zile soksi zake mpaka nyumbani kwake. Akamwigiza Tatu tena, kidogo tu, kwa sauti ya chini, alivyokuwa akishika kiuno. Akasema lakini huko aliko sasa hivi anagombana na malaika juu ya bei.

Shabani akacheka. Kicheko kimoja, kifupi. Halafu kikavunjika katikati, akainama juu ya gongo lake, na mdogo wangu akalia.

Alilia vibaya. Mabega yote. Kondo akaacha mzaha, akamwekea mkono mgongoni, akatazama pembeni kama mtu anayefuatilia mpira.

Nami nikatazama saa, maana ndiyo kazi yangu. Mshale ukatimiza. Dakika kumi za Shabani zimekwisha. Kibendera kiko mapajani, mkono uko juu yake. Watu wa mjini wamejaa pembeni, wanamhitaji beki wao, kila mmoja angemwona anavyorudi na uso ule. Angejifuta, angesimama, angeufunga uso tena. Namjua. Nikiuacha mlango huo ufungwe sasa, sijui utafunguka lini tena.

Nahodha akanipigia kelele kutoka uwanjani akiuliza kama bado.

"Bado," nikamjibu.

Sijawahi kusema uongo kazini. Hata kwa mgonjwa anayetaka kudanganywa. Mshale ukazunguka, ukazunguka tena. Kondo alinitazama usoni, akaitazama saa kiganjani mwangu. Zake nazo zikatimia, hakuuliza. Na watu wa reli wakapita palepale pasipo na beki, wakatufunga bao la pili. Filimbi ya mwisho ikalia wafungwa wangu wakiwa benchini.

Yaliyofuata ni aibu tupu. Nahodha alikuja na macho mekundu. Mtu mmoja akasema huyu nesi katoka zamu, kasinzia. Neno likashikwa, likazunguka uwanja mzima, nesi kasinzia, nesi kasinzia. Kuna mama alinionea huruma akaniletea maji. Mwalimu naye alinihutubia kidogo kuhusu uwajibikaji. Nilikunywa maji yangu nikainamisha kichwa, nikaacha iwe hivyo. Nilikuwa nimechoka hata kwa kujitetea, na nijitetee kwa lipi? Niseme sikulala?

Timu yetu imetolewa mashindanoni. Vijana wale wamefanya mazoezi tangu masika, na hawakunikosea chochote. Hilo linaniuma, siandiki hapa ili lisiniume. Nimeligeuza kila upande tangu nirudi na bado sijapata upande ambao mimi nina haki.

Baada ya magharibi Shabani akaja. Kwa kawaida ni mimi ninayempelekea chakula. Leo alipiga hodi, akaketi, macho yamevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Nikampakulia ugali na mlenda. Akala. Akaongeza. Nikamwekea na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, niliyoletewa na mgonjwa mmoja wa Puge, akayamaliza yote huku akinilaumu kwamba viazi ni vigumu.

Halafu, bila kuinua kichwa:

"Dada, zile hazikuwa dakika kumi."

Nikamwambia anawe mikono.

Akanawa. Akaniuliza ule ufunguo wa karakana niliuweka wapi. Nikalishusha lile kopo, nikautoa, bado una chembechembe za sukari. Akaufuta kwenye shati, akautia mfukoni, akaniaga.

Kesho nahodha atapita kuchukua kibendera chake kabla sijaingia zamu. Akiniuliza mbele ya watu kama kweli nilisinzia, nitamwambia ndiyo, nilisinzia.