Mama Amemtolea Mungu Uvimbe Wake

Jumapili, 9 Novemba. Asubuhi barafu nyembamba juu ya vifuniko vya mitungi ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, upepo hakuna, jua limechelewa.

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya tarehe 18, na kama barua ni ndefu unisamehe, nimezoea kuandika kila kitu kwenye daftari langu na tarehe yake, ila jambo hili limenishinda.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, naishi hapa Jecheon, Korea, na mama yangu, ambaye parokiani wote humwita Mama Rafaeli kwa jina la ubatizo la mdogo wangu Ki-beom, aliye seminarini na katikati ya Januari atapewa ushemasi, hatua ya mwisho kabla ya upadri. Jumamosi tarehe 10 Mei tulikwenda bafu la umma kama kila Jumamosi, nikawa namsugua mama mgongo, mkono ukapita chini ya kwapa nikagusa kitu kigumu kama kokwa, nikamwuliza, akasema, "Sugua mgongo, huko sijakutuma." Nilimpeleka hospitali kwa kumlazimisha, daktari akasema ni saratani ya titi na apasuliwe ndani ya mwezi, na tukiwa kwenye basi la kurudi mama akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza mboga, kwamba hapasuliwi, kwamba amemtolea Mungu uvimbe ule ili Ki-beom afike altareni, na mwanawe akishakuwa shemasi nimpeleke hospitali hata siku hiyohiyo. "Zawadi ukishampa mtu huendi tena kuidai," akasema. Akanishika mkono akataka niahidi sitamwambia Ki-beom, nami nikaahidi.

Hofu yake najua inakotoka. Miaka mitano iliyopita baba aliugua ini, tukamficha Ki-beom asivurugike masomoni, tukamwita zikiwa zimebaki siku tisa, na baada ya maziko akatoka seminari akakaa miaka miwili akipanga vifurushi ghalani, hasemi na mtu, na alipoomba kurudi walimpokea kwa taabu. Mama anasema akitoka mara ya pili hawatampokea tena.

Basi nimekuwa mwongo. Nimeahirisha upasuaji mara tatu, tarehe 2 Juni, 21 Julai na 15 Septemba, nikipiga simu kwa kujifanya mama, na mara ya mwisho muuguzi akaniuliza, "Ni mgonjwa mwenyewe anayeongea?" nikamjibu, "Ni mimi, mwanangu, mafua tu yamenikaba." Sikukuu ya mavuno Ki-beom alikuja nyumbani, akamkumbatia mama, mama akatoa sauti ya maumivu, nami nikawahi kusema aliteleza kwenye ngazi ya jikoni akaumia ubavu. Mafrateri, yaani wanafunzi wa upadri, hurudishiwa simu zao Jumamosi mchana tu, na kila Jumamosi swali lake la kwanza ni, "Dada, ubavu wa mama unaendeleaje? Nauombea." Jana akaongeza, "Mbona hauponi? Umempeleka hospitali kweli?" Nikamwambia wazee hupona polepole. Akasema, "Dada, usinifanyie tena." Nikajifanya simu inakatika.

Tangu wiki iliyopita ngozi imepasuka. Mama hubandika pamba mwenyewe akiwa amefunga mlango, lakini harufu inapita. Bafuni hajakanyaga tangu Agosti, na yule mama anayesugua wateja pale hunitania mbele ya wote, "Mwambie Mama Rafaeli aje, hata mama wa padri mgongo wake una uchafu," nami hucheka pamoja nao.

Miadi ya nne ni Jumanne tarehe 18, na mama ameniagiza nipige simu kesho niisogeze hadi mwisho wa Januari. Naogopa. Nikisema, Ki-beom atatoka na mama atakufa akiamini mimi ndiye niliyemnyang'anya Mungu padri. Nikinyamaza, atakufa vilevile. Namwogopa hata Mungu mwenyewe, kwamba pengine zawadi ile kweli aliipokea. Na Alhamisi nilipokuwa nahesabu siku hadi Januari nilijikuta naomba mama afike, siyo apone, na hilo nilishindwa kuliandika daftarini. Nifanye nini?

Dada Mkubwa, Jecheon

Naongeza mstari huu Jumatatu kabla ya kwenda posta. Simu sijapiga. Usiku nililala saa tisa kasoro dakika kumi.

JIBU

(Jibu hili nililituma kwa posta ya haraka siku ileile barua ilipofika, maana tarehe 18 haisubiri gazeti.)

Dada Mkubwa,

Pole. Miezi sita umeuguza na kuficha kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekupokea mzigo hata siku moja. Sasa niruhusu nikugombeze, kwa sababu muda wa kubembelezana hatuna.

Kabla ya kuandika ukurasa huu nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka ishirini na miwili. Ngozi iliyopasuka haingoji Januari. Lakini hata sasa kuna la kufanya, kwa hiyo usijiambie kwamba mambo yamekwisha. Huo ni uvivu uliovaa sura ya huzuni.

Mwili ni wa mama yako, na akielezwa yote na daktari, uso kwa uso, kisha akakataa, basi amekataa. Lakini yeye hajakataa mbele ya daktari yeyote. Aliyekataa ni wewe, kwa simu, mara tatu, kwa jina lake.

Sadaka yake siicheki. Nimewaona akina mama wa namna hiyo na nawaheshimu. Ila wewe na mimi si watu wa kumjibu. Mwite paroko nyumbani, mweleze bila kupunguza, na yeye ndiye amwambie mama kwamba Kanisa halimdai mtu afe bila matibabu ili mwanawe apate daraja. Wewe hatakusikiliza. Umekuwa mshirika wake mno.

Sasa Ki-beom. Ninyi wawili mnasema alitoka seminari kwa sababu baba aliugua. Rudi kwenye tarehe zako mwenyewe. Mlimpa siku tisa. Kijana aliyepewa siku tisa za baba yake, kisha akakaa miaka miwili ghalani hasemi na mtu, unadhani alikuwa anaikimbia altare? Alikuwa anawakimbia ninyi. Na Jumamosi amekuambia waziwazi usimfanyie tena. Anajua. Hajui tu ni nini.

Je, atatoka? Huenda. Siwezi kukuahidi. Huenda akaomba wiki mbili, akakaa kando ya kitanda cha mama, akarudi. Huenda akausogeza ushemasi mwaka mzima. Hayo ni yake na gombera, mkuu wa seminari yake, siyo yenu. Lakini mkimnyamazia atawekewa mikono Januari akiwa amedanganywa, na atakapojua, atakuwa na mzazi wa pili ambaye hakumuuguza. Muulize mama kama huyo ndiye padri anayemtaka.

Na ile sala yako ya Alhamisi, iandike tu daftarini. Ni sala ya mtu aliyechoka, na Mungu amezisikia nyingi za aina hiyo.

Fanya hivi. Tarehe 18 usiiguse. Leo, mwambie mama kwamba unampigia Ki-beom, usivunje ahadi kwa kumzunguka. Atalia, atakuita msaliti, wewe piga hivyohivyo. Simu yake imefungiwa, lakini seminari ina ofisi na ofisi ina simu. Sema mama mzazi ni mgonjwa sana, wamwite darasani. Usingoje Jumamosi. Na akishika simu, usianze na "usiwe na wasiwasi." Sema, "Mama ana saratani, tumekuficha tangu Mei, upasuaji ni Jumanne." Kisha nyamaza, hata akikaa kimya muda mrefu, na usikate.