Mashine Iliyolikataa Jina Lako

Lac Vert, Goma

Mama yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na wa mwili tu. Vipi goti la mama mkubwa? Bagalwa wa boti ameniambia kwamba siku hizi anateremka mwenyewe hadi barabarani bila kushika ukuta, nikafurahi sana, maana vilima vya Bukavu navijua, hata mwenye magoti mazuri huviombea dua. Na presha yako je? Unameza dawa kila asubuhi, au unawagawia majirani kama kawaida yako? Sisi huku mvua inanyesha karibu kila siku, na njia zote zimekuwa tope jeusi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini wewe, Mama, simu yako unaifungua kwa haut-parleur na nyumba nzima inakaa kusikiliza, mpaka wageni. Haya ninayotaka kukuambia ni ya macho yako peke yako. Nimempa Bagalwa akukabidhi mkononi, naye ameahidi kwamba hata mama mkubwa hataiona.

Habari za mashine umezisikia upande mmoja. Kwa ndugu wawili waliogombana, anayewahi kupiga simu ndiye mwenye haki, na yaya Ridhwani, kwa ukubwa wake, daima ana unité za simu za kutosha. Basi nisikilize na mimi, hata kama nimechelewa.

Unakumbuka kwamba baada ya Papa kufariki, yaya alichukua usukani wa atelier yetu ya kudarizi ya Majengo, na mimi nikaachiwa kompyuta ile inayochora maua na kuyatuma kwenye mashine ya kudarizi. Ilikuwa na Windows ya kunakili, na kila mteja aliyekuja na clé yake ya USB alituachia virusi. Mama Nyirakamana, kiongozi wa kwaya, alipoleta mchoro wa njiwa kwa ajili ya kanzu za waimbaji wake, virusi vilimla yule njiwa na michoro yote ya Papa aliyoichora kwa miaka. Nililia siku ile. Ndipo nikaondoa Windows na kuweka Linux, ambayo ni ya bure na haishikwi ovyo na virusi. Yaya alisema kitu cha bure hakikosi mwenyewe, na mwenyewe atakuja kukidai. Mimi nilimcheka.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Kompyuta ile ilikwisha kuzeeka Ulaya kabla ya kufika kwetu kupitia Kampala, na kadi yake ya picha haikupatana na Linux hata kidogo. Kioo kilitetemeka, mara kilijaa mistari ya rangi kama kitenge kilichochujuka. Halafu programu ya kudarizi imetengenezwa kwa ajili ya Windows tu, hivyo ili ifunguke kwenye Linux inahitaji programu nyingine katikati, kama mkalimani. Mkalimani huyo anaitwa Wine, na alama yake ni bilauri ya divai. Baba mdogo Amuri, aliyefanya biashara Uganda na kujua Kiingereza chake, aliiona ile bilauri akauliza tangu lini mtoto wa marehemu kaka yake anaweka pombe ndani ya atelier inayodarizi kofia za msikitini. Tulicheka wote, hata yaya. Tulikuwa bado tunacheka pamoja, Mama.

Na mkalimani mwenyewe alitafsiri nusu nusu. Herufi ziligeuka vijisanduku, na kofia ya imamu ikatoka na mwezi uliopinda shingo. Nilihangaika nayo wiki nyingi mpaka ikakubali. Lakini nilivyoijua mimi, hakuna mwingine aliyeijua. Yaya akawa anaketi nyuma yangu akitazama mkono wangu, na nikidai chai, analeta yeye. Sikuona kwamba kulikuwa na uchungu ndani ya ile chai. Mkubwa kumtegemea mdogo katika kazi ya baba yao si jambo dogo, nami nililichukulia kama mchezo.

Baada ya ile wiki ya uporaji, niliifunga diski yote kwa mot de passe, neno la siri, ili hata wezi wakiibeba kompyuta wasiambulie michoro yetu. Tuliichagua pamoja, mimi na yaya, tukaandika jina lako: mwajuma, herufi ndogo zote. Kila aliyefungua atelier asubuhi aliandika mwajuma kabla ya kunywa hata maji. Mashine haikufunguka bila jina lako, na hilo lilinipendeza kuliko kazi yenyewe.

Mwezi wa Rajabu nikamwambia yaya kwamba nataka kujitegemea. Rafiki yangu Grégoire ana secrétariat public huku Lac Vert, wanapiga chapa na fotokopi, na alinitaka tushirikiane. Yaya alivuta kitambaa. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Haikupita hata juma, kioo kikaugua kabisa, hata sindano ikawa haionekani inapopita. Basi nikaondoa pilote ya zamani ya kadi ya picha, nikaweka mpya. Pilote, Mama, ni jina ambalo Wafaransa wameipa programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuzungumza na kadi yake. Yaya akaniuliza nimebadilisha nini. Nilikuwa na haraka, nikamjibu bila kuinua kichwa: nimebadilisha pilote.

Nikaizima, nikaiwasha. Ikaomba mot de passe. Nikaandika jina lako, ikakataa. Yaya akaandika, ikakataa. Tuliandika mpaka adhuhuri, kwa kidole kimoja, kwa vidole vyote, kwa bismillahi. Ikakataa. Na kwa kuwa diski yote ilifungwa, hapakuwa na mlango wa nyuma. Mama Nyirakamana, aliyekuwa ametusamehe ile ya njiwa na kutuletea kanzu za Pasaka, alichukua vitambaa vyake kwa upole akavipeleka kwa mwingine.

Yaya hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alikwenda kwa baba mdogo Amuri akanishitaki. Alisema mtoto alitangaza kwamba anaondoka, kisha akafunga mlango akaenda na ufunguo. Na ushahidi wake ulikuwa mdomo wangu mwenyewe: nimebadilisha pilote. Baba mdogo alikaa akaitafakari kauli hiyo. Kwake pilote ni mtu anayeshika usukani. Akaniuliza kwa uzito mkubwa, tena kwa Kiswahili chetu cha Majengo: "Unabadilisha pilote, na muzee wako Ridhwani iko muzima? Pilote mupya ni nani? Ni weye?"

Nikacheka, Mama. Hilo ndilo kosa langu katika kesi yote. Kicheko kilinitoka kabla sijakishika, na wao wakaona dharau. Nilipoanza kueleza kadi na programu, nani angemsikiliza mtu aliyecheka mbele ya wazee?

Nikasema basi nitaapa. Nikatawadha, nikashika msahafu wa Papa, nikaapa kwamba sikubadilisha mot de passe wala sijui kilichoifunga mashine. Nilidhani imekwisha. Asubuhi yake nikafika atelier nikakuta kufuli mpya mlangoni, na kiti changu nje kimenyeshewa. Mimi nilishitakiwa kubadilisha ufunguo, na aliyeubadilisha kweli ni yeye, wala hakuna aliyemwapisha.

Nikahamia Lac Vert. Na wewe ukapiga simu kutoka kwa mama mkubwa Bukavu ukasema hutarudi Goma mpaka wanao wale sahani moja. Sikukulaumu. Lakini yaya aliibeba ile kauli yako kila mahali, msikitini na sokoni, kwamba Mama amekosa nyumba yake kwa ajili ya ukaidi wangu mimi Yuma. Watu nisiowajua wakawa wananitazama kama mtu aliyemfukuza mama yake.

Sasa sikiliza ukweli ulivyonijia. Siku moja hapa kwa Grégoire umeme ulikatika, na uliporudi kompyuta ikawaka na mipangilio yake ya kiwandani. Nikaketi kukuandikia barua. Nikaandika Mama, na kwenye kioo ikatokea :q;q. Nikafuta, nikaandika tena, ikatokea vile vile. Nikainama nikaitazama klavye, vile vibonyezo vya herufi. Sisi hapa klavye zetu ni za Kifaransa, na Waingereza wamezipanga herufi kwa namna yao: palipo A yetu wao wanaweka Q, palipo W yetu wanaweka Z, na M yetu kwao si herufi kabisa, ni alama tu. Pilote mpya ilipoingia kule Majengo, mlango wa diski ulirudia mpango wa Kiingereza, na kwa kuwa mot de passe haionekani inapoandikwa, hatukujua. Sisi tuliandika mwajuma, mashine ikasoma ;zqju;q. Muda wote ule haikulikataa jina lako, Mama, haikuwahi kulisikia.

Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi Majengo bila kujadiliana bei. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, yaya alikuwa atelier pamoja na baba mdogo. Niliingia kwa furaha kama mtu anayeleta habari za kuzaliwa mtoto. Nikaiwasha mashine, nikatafuta herufi za jina lako pale Waingereza walipozificha, nikabonyeza. Ikafunguka. Michoro yote ikatokea, mizima. Nikageuka nikitegemea kukumbatiwa.

Yaya alikuwa amesimama na machozi, akamwambia baba mdogo polepole: "Si unaona. Alikuwa nayo tangu mwanzo."

Nikaeleza. Nikasema ni klavye, si mimi. Nikafungua ukurasa ili waone herufi zinavyogeuka, nikaandika Mama, na ikatokea Mama, safi kabisa, kwa sababu ndani ya Linux mpango ulikuwa bado wa Kifaransa, ulioharibika ni mlango tu. Wakatazamana. Nikaizima, nikaiwasha, nikamwambia yaya aandike mwenyewe. Akaandika jina lako taratibu, herufi kwa herufi, ikakataa. Nikapiga kelele kwamba hilo hasa ndilo ninalosema! Yaya akajibu: "Miye inanikatalaka, yeye inamuitika. Unataka ushahidi gani tena?" Na baba mdogo akainamisha uso, akasema mtu aliyeapa uongo juu ya msahafu wa baba yake hana budi kutubu kabla ya Ramadhani, akitubu atarudishwa, na mama yake atarudi nyumbani.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimechoka na kweli, Mama. Kila nilipoisema ilizidi kunitia hatiani. Nikawaza ukiingia Ramadhani ugenini, ukifuturu kwenye mkeka wa watu. Nikasema ndiyo. "Niliifunga mimi, nilikuwa na hasira, nisameheni." Yaya akanikumbatia, akalia kwa sauti, nami nikaona kwamba ananipenda na kwamba kweli aliamini, hakunizulia, na hilo liliniumiza kuliko kama angekuwa mwongo. Kisha nikaurekebisha mlango wa diski kwa klavye yetu, yaya akaandika jina lako, ikafunguka, akamwambia baba mdogo: "Sasa ameirudisha."

Yaliyofuata unayajua. Wakakupigia simu pale pale, na nikakusikia ukisema Alhamdulillahi mara nyingi, kwamba mwanao amerudi. Niliposhikizwa simu nikairudisha kwa yaya. Wewe ulidhani ni aibu.

Haya, nimekwambia. Sikuifunga ile mashine. Nilipoapa nilisema kweli, na nilipotubu ndipo nilipodanganya, na uongo huo umefanya kiapo changu cha kweli kiwe cha uongo mbele ya watu wote. Mungu anajua, lakini Mungu haji kula nasi jioni. Sikuombi umwambie yaya. Akijua kwamba nilitubu kwa ajili yako tu, tutarudi pale pale, nawe utafunga tena mizigo yako. Acha aamini.

Ila naomba kitu kimoja. Ukifika, watakuandalia chakula, na baba mdogo atasimama mbele ya jamaa aseme kwamba Yuma alikosa na ametubu, na wote watakugeukia wewe. Nakuomba, Mama, usiseme Alhamdulillahi. Nyamaza tu, chukua tonge lako ule. Mimi nitajua kwamba umeisoma barua hii na kwamba umeniamini.

Msalimie mama mkubwa na goti lake, wasalimie na majirani unaowagawia dawa. Ziwa likichafuka usipande boti, ngoja hata siku nzima, mimi nipo. Bagalwa atakushika mkono pa kuteremkia.

Ni mimi mwanao, niliyekuwa nikikuita kila asubuhi ili mlango ufunguke,

Yuma