Jino la Juu la Mapalo

Komini ya Kenya, Lubumbashi, tarehe 13 Mei 2025

Yaya Deborah, dada yangu mpenzi,

Leo nitakuambia yote, hata niliyokatazwa. Habari za Liège, za shemeji na za Gaëlle wetu? Sisi ni wazima, ila mimi silali vizuri. Nimeandika kwenye karatasi, na Dominique anayesafiri kesho ataileta, kwa sababu simu ya Mama inasomwa na nyumba nzima.

Picha ya jino la kwanza la Gaëlle ilifika. Mama alifurahi kusikia kwamba huko mlikata keki na majirani wakapiga makofi. Nkambo, bibi yetu, aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole, akauliza kama jino ni la chini. Nilipomjibu ndiyo, alishusha pumzi.

Ndipo nikaanza kumwangalia mdogo wetu Mapalo. Mama hataki mtu mwingine amlishe uji, na mtoto akicheka mbele ya wageni humgeuzia kifuani. Wiki iliyopita nilimwogesha mimi. Akapiga miayo, nikaliona: jino limeanza juu. Mama alinishika mkono. Alisema kwake yeye jino ni jino, lakini kwa ukoo wa Baba mtoto wa namna hiyo ni chinkula, na kila msiba huwekwa juu yake. Mwaka huu tumemzika shangazi, na Baba mkubwa Mwelwa anakuja Jumapili kutoka Kasumbalesa akitafuta aliyeuleta msiba. Mama amefunga mizigo kwa siri. Jumamosi ataondoka na Mapalo kwa ndugu zake Mbuji-Mayi, na hajasema atarudi. Aliniomba Nkambo asijue kabisa.

Yaya, habari za jino Nkambo anazijua. Unamfahamu anavyomwita Mapalo "bwana yangu" na kumdai sabuni na kitenge. Jana Mama alikuwa sokoni. Nkambo akaniita jikoni, mtoto amelala mgongoni mwake. Hakutania. Alisema kabla ya kumzaa Mwelwa na Baba alizaa msichana, Kalaba. Jino lake lilitoka juu. Wakubwa wakamchukua, wakarudi mikono mitupu, naye akakatazwa kulia. Wanawe wenyewe hawajui. Kisha akasema, "Huyu hapana. Huyu batamukuta ku mugongo yangu." Akaniapisha nisimwambie mtu.

Nisalimie shemeji, umbusu Gaëlle. Barua ikifika usiandike, piga simu uniombe mimi, unijibu neno moja tu: nivunje kiapo cha Nkambo, nimwambie Mama asiondoke?

Mdogo wako,
Chancelvie