Nati ya Nne

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza, maana mama alitulea hivyo: hata mtu unayemdai haki yako unamjulia hali kabla ya kufungua mdomo. Hujambo? Mguu unakusumbuaje na baridi hii? Mkeo na wanao wazima? Mimi ukiniuliza nitakujibu kwa ufupi. Moyo umechoka, miguu imevimba kama magogo, na daktari, kijana mwenye adabu sana, aliacha kunitajia miezi. Sasa ananitajia siku. Naandika nikiwa nimeegemezwa mito mitatu. Muuguzi alitaka anishikie kalamu nikamkatalia. Mwandiko huu unaotetemeka ni wangu mwenyewe, usije ukasema umeghushiwa.

Wala usidhani nimekuandikia kwa mapenzi. Sikukupenda ulipokuwa mtoto, ulipokuwa ukijitia kulia ili nichapwe mimi, na sijaanza kukupenda juzi. Nimekuandikia kwa sababu ya shemeji yetu, Cheche.

Barua uliyompelekea nimesomewa. Dada yetu alikuja nayo hapa hospitali akanisomea akiwa amesimama, kiti nilichomwonyesha hakukitaka. Umemwandikia mume wa dada yako kama karani anavyomwandikia mtu asiyemjua. Kwamba wewe ni mwenyekiti wa chama cha waunda ndege ndogo, na mkaguzi wake mkuu, na kwamba chochote kilichochomelewa na mkono ule hakitapata saini yako wala hakitaruka kwenye uwanja unaousimamia. Hata neno shemeji limekushinda. Umeandika "mhusika". Na ndege yenyewe hujaiona hata kwa picha!

Mimi niliiona, miezi miwili iliyopita nilipokuwa bado naweza kupanda ngazi mbili tatu. Ipo nyuma ya karakana yake, pale anapotengenezea mageti na nondo za madirisha. Amekaa nayo miaka kumi na mmoja. Majirani wamemcheka mpaka wamechoka. Mmoja humuuliza kila asubuhi kama ataitumia kuwapelekea wateja mageti kwa njia ya juu, naye humjibu kwamba ndiyo, ila wewe nitakuangushia lako sebuleni. Kitambaa cha mabawa kimeshonwa na dada yetu, mshono baada ya mshono, umenyooka kama mistari ya daftari. Unajua kwamba Cheche amefikisha miaka sabini. Usichojua ni kwamba daktari wa marubani amemwambia macho yake yamepita mwaka huu kwa huruma tu, na mwakani asirudi. Kwa hiyo mkusanyiko wa waunda ndege wa Jumamosi hii ndio pekee atakaoweza kuufikia akiwa angani. Ukimnyima saini, ile ndege itabaki karakanani itundikiwe nguo.

Sasa turudi kwetu, kwenye ile tuliyoiunda sisi watatu, ambayo mama aliiita Bibi Harusi kwa sababu kila akiuliza itatoka lini aliambiwa bado inapambwa. Miaka tisa ndani ya banda lile la bati. Michoro na hesabu zilikuwa zangu, kuchomelea kulikuwa kwa Cheche, na wewe ulikuwa rubani, maana yake ulikuja Jumapili ukiwa umevaa miwani ya jua ukauliza tumefika wapi. Nakubali ulijua kuruka. Sijawahi kukataa hilo, ingawa limeniuma.

Najua unakumbuka mikusanyiko yenyewe, lakini niache nikumbuke na mimi, sina kazi nyingine hapa. Ule uwanja wa nyasi, ndege zikitua moja moja tangu alfajiri, kila moja ikiwa na sauti yake, na watu wazima wenye heshima zao wamelala chali chini ya bawa la mtu wasiyemjua, wakibishana juu ya ribiti, vile vipini vya kuunganishia bati. Daktari wa meno aliyeunda yake sebuleni, ikawa haitoki mlangoni. Mkewe akamwambia achague, ukuta au yeye, naye akaomba apewe wiki moja ya kufikiri. Sijapata kucheka tena kama nilivyokuwa nikicheka pale. Wewe hukuwa ukicheka sana. Ulikuwa ukitafuta nani anakutazama.

Na unaukumbuka utaratibu wetu wa rangi. Aliyekaza nati alichovya kijiti kwenye kopo la rangi nyekundu akapitisha mstari mmoja mwembamba kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma kilichoishika. Mstari ukiwa mzima, nati imekazwa na haijasogea. Anayekuja nyuma hakushika spana, alitazama rangi akapita. Miaka tisa hatukuandikiana kitu wala kuapishana. Rangi ilitosha.

Ulikuwa umeniahidi kiti cha pili kwenye safari ya kwanza ndefu, kutoka nyumbani hadi mkusanyikoni. Uliniahidi mbele ya mama. Asubuhi ya safari ukaja bandani na mtangazaji wa televisheni pamoja na mpiga picha wake, ukasema kiti atakaa mgeni. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya injini. Ukaniambia, mbele yao, ati uzito wa Mwalimu unaharibu hesabu, yeye atakuja na gari abebe hema. Wakacheka. Hesabu zile nilizipiga mimi! Uzito wangu ulikuwamo ndani yake, kilo kwa kilo, tangu mwaka wa kwanza.

Yaliyofuata kila mtu anayajua, au anadhani anayajua. Mlipokaribia uwanja injini ilianza kutetemeka, bomba moja la kiunzi kinachoibeba likakatika, pua ikainama, nawe ukaishusha kwenye shamba la alizeti kando ya barabara niliyokuwa nikija nayo. Ulishuka vizuri kuliko ambavyo ningeweza kumwambia mtu. Mtangazaji alitoka mwenyewe, nikamkuta akitafuta meno yake kwenye majani. Wewe mguu ulikuwa umebanwa.

Kamati ya chama ikalitazama lile bomba, ikaona limekatika pale pale penye mchomeleo wa Cheche, ikafunga jalada. Cheche aliwaambia kwamba mchomeleo haukatiki bure, kuna kitu kimeusukuma, akaomba kujua nani alikaza nati nne zinazofunga kiunzi kwenye mwili wa ndege. Nikasema nilizikaza mimi, na rangi ipo, watazame. Wakatazama, rangi ipo. Wewe ukiwa kwenye kiti cha magurudumu ukamwambia kwamba kaka yangu anafundisha hisabati, hakosei, wewe ni mtu wa mageti, ungebaki kwenye mageti yako. Wakamfuta uanachama siku hiyo hiyo. Dada alipomtetea mumewe ukamwambia achague nyumba moja, yetu au ya mumewe. Akachagua. Na siku ya kumzika mama, Cheche aliposogea kushika jeneza ukamweka mkono kifuani ukamrudisha nyuma, mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa upande wa pili wa jeneza. Nilikuona, nikatazama viatu vyangu.

Miaka ishirini na minne imepita tangu ile alizeti. Sasa nisikilize vizuri.

Nati ya nne haikukazwa. Nilikuwa na tabia mbaya ambayo hamkuijua. Kopo la rangi lilikuwa likikauka haraka, kwa hiyo nilizipaka zote kwanza, kisha nikapita na spana nikikaza na kurekebisha mstari. Hilo peke yake lingetosha kunifukuzisha chamani. Asubuhi ile nilikuwa nimeshakaza tatu. Ya nne ilikuwa imeshikwa kwa vidole tu, rangi tayari iko juu, ndipo ulipoingia na wageni wako. Nikasimama, nikaweka spana mfukoni, nikaenda kufunga hema.

Ningeweza kukwambia nilisahau. Nimejaribu kujiambia hivyo kwa miaka mingi, na ni uongo. Nilikumbuka wakati wa kuwasha gari, spana iliponichoma pajani. Mlikuwa bado chini, unapigwa picha ukiwa umeegemea bawa. Hatua thelathini, labda arobaini. Nilikutazama kupitia kioo nikasema moyoni: acha itetemeke kidogo. Nilidhani utasikia injini inacheza, utaogopa, utarudi kutua mbele ya kamera na aibu yako, halafu mimi nitaifungua, nitaikuta nati, nitakuwa mwerevu kuliko wewe mbele ya mtangazaji. Ndivyo nilivyopiga hesabu. Sikukutakia kifo. Nilikutakia aibu, na kwa ajili hiyo nikawasha gari nikaondoka.

Nati moja ikitoka, tatu zilizobaki hubeba mzigo wa nne, na chuma hukatika pale kisipoweza kupinda, yaani penye mchomeleo. Cheche alikuwa sahihi, neno kwa neno.

Bado sijamaliza. Nilipofika kwenye alizeti, watu wawili waliokuwa barabarani walikuwa wakivuta mlango kwa upande wako. Mimi nikaenda mbele, kwenye pua. Tundu la nne lilikuwa tupu. Sanduku langu la vifaa lilikuwa garini. Nikachukua bolti nyingine na nati nyingine, nikazipachika, nikazikaza, nikapaka rangi, nikaisugua kwa udongo na oili isionekane mbichi. Wewe ulikuwa ukilia na kuniita kaka, kaka, ukidhani nimeinama kukutoa. Nilikusikia. Nilimaliza kwanza.

Umeshaanza kutafuta namna ya kujitoa, nakujua, kwa hiyo nikusaidie: rubani hutakiwa kuzigusa nati nne zote kwa vidole vyake kabla ya kuwasha injini, hata rangi iwe mbichi. Wewe ulizunguka ndege mara moja, ukiangalia kama kamera inakufuata. Silisemi hili ili tugawane. Langu ni langu lote. Nalisema kwa sababu tangu siku ile umekagua ndege za watu wengine kwa ukali wa mtu asiyekosea.

Cheche nimemwambia, Jumanne ya wiki iliyopita. Alikuja na dada. Nilisema yote kama nilivyoandika hapa. Nilipomaliza akauliza swali moja, lilikuwa bolti ya ukubwa gani niliyoipachika, nikamwambia, akatikisa kichwa kama mtu ambaye hesabu iliyomsumbua imekubali. Kisha akasema kwamba miaka hii yote mimi ndiye niliyekuwa namletea salamu za sikukuu. Akaenda akasimama korido. Dada ndiye aliyebaki, na maneno yake nakupa kama yalivyo kwa sababu nusu ni yako. Alisema mama alizaa wanaume wawili, mmoja anapaka rangi asichokikaza, mwingine anatia saini asichokitazama, na kwamba angepewa nafasi ya kuchagua upya angezaliwa peke yake. Akanifunika miguu, maana ilikuwa nje ya shuka, akaondoka. Sikuomba msamaha nao hawakunipa. Kwako pia siombi.

Anachotaka Cheche nilimuuliza kupitia dada, na jibu lilikuja jana. Hataki uombe radhi mbele ya chama. Hataki saini ya huruma wala ya aibu. Ukimpelekea saini bila kukagua ataichana. Anataka ulale chali chini ya injini yake, na mguu wako huo, ushike taa na lenzi, utazame kila mchomeleo, na kila nati uiguse kwa mkono. Ukiona ufa, mkatalie, atakubali. Usipouona, utie saini, uandike na jina lako kamili. Ndege iko tayari. Geti la karakana litakuwa wazi tangu Alhamisi.

Usipoteze muda kutafuta kiberiti. Utakapokuwa ukisoma hapa, nakala ya barua hii anayo katibu wa chama, amepewa mkononi na muuguzi, na ataisoma Jumamosi asubuhi waunda ndege wote wakiwa wamekusanyika, kabla injini ya kwanza haijawashwa. Nimemwelekeza asiruke mstari, hasa yale yanayonihusu. Kwa hiyo utasimama pale mbele yao ukiwa umeshaikagua ile ndege, au ukiwa hujaikagua. Ni hilo tu limebaki mikononi mwako.

Nisalimie mkeo, ambaye siku zote alikuwa mtu mwema kwangu kuliko nilivyostahili. Wasalimie wanao, uwaambie wenyewe, wasiyasikie barabarani. Usije hospitali, na usinijibu. Muuguzi ameniahidi kwamba barua yoyote yenye mwandiko wako haitafunguliwa hadi Jumamosi ipite, na daktari anaposikia neno Jumamosi anatazama dirishani. Sitajua ulifanya nini. Dada atajua.

Ni mimi kaka yako,

Mwalimu