Sifa Tulizozifuta

Nyumbani,
Mlango wa nyuma ya kinyozi,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta umekaa kitini, siyo unakimbilia basi na kipande cha mkate mkononi kama ulivyo siku zote. Mgongo unaendeleaje? Wifi aliniambia daktari alikukataza kubeba masanduku, na wewe bado unabeba. Mdogo wangu, ukianguka leo, hilo ghala litapata mtu mwingine kesho asubuhi. Sisi hatutapata. Na yeye wifi mwenyewe, miguu bado inavimba akitoka zamu? Mwambie ainyanyue juu ya mto anapolala, asione uvivu. Watoto nawabusu mmoja mmoja, hata yule mkubwa anayejiona hana umri wa kubusiwa.

Huku tuko wazima kwa kiasi chetu. Shemeji yako bado analinda geti lile lile, na kikohozi chake ni kile kile. Mimi bado nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Mikono imekuwa kama msasa, lakini inafanya kazi, namshukuru Mungu.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu katika chumba chetu ni ya watu wote. Hata nikinong'ona, pazia halizuii kitu, na ninayetaka kumsema analala upande wa pili wa hilo pazia.

Basi nisikuzungushe. Mpwa wako wamemkataa. Ni chuo kile cha huko kwenu, ambacho ndicho kilikuwa kimebaki, vingine vilishamkataa zamani. Alinionyesha ujumbe kwenye simu, akanisomea polepole kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Wanasema wamesikitika sana. Sijui kwa nini watu wakikukataa ndio wanasikitika, na wakikukubali hawasikitiki hata kidogo.

Nataka nikueleze ilivyokuwa, maana najua wewe utadhani ni maksi. Siyo maksi. Maksi anazo. Kumbe kuomba kusomea huu udaktari usio wa sindano, wa uhandisi wa kemikali, kunataka pia walimu wanaokujua wakuandikie barua, waseme wewe ni mtu wa namna gani. Wawili waliandika vizuri tu. Wa tatu ni yule mwalimu wake mkubwa, aliyemsimamia kazi yake ya mwisho, na barua yake ndiyo nzito kuliko zote. Huyo hana nafasi. Amekaa nyuma ya mafaili mpaka unaona kipara tu. Akamwambia mpwa wako, nenda kaandike mwenyewe, uniletee niweke saini.

Mimi nilishtuka, nikamuuliza kama huo siyo wizi. Akasema hapana, huko kwao ndivyo wanavyofanya wote, mwalimu anaisoma na akiikubali inakuwa maneno yake.

Ilikuwa Jumapili kama leo, mimi napiga pasi, yeye yuko mezani na kompyuta ya kuazima. Akawa ananitafsiria kila mstari alioandika. Alianza vizuri. Aliandika kwamba yeye ni mmoja wa wanafunzi bora ambao mwalimu amepata kuwafundisha. Kisha akaniuliza, Mama, hii si imezidi? Mdogo wangu, mimi niliona imezidi. Nikamwona akilini yule mwalimu anaisoma na kucheka, anawaitia wenzake waje waone binti anavyojivika taji mwenyewe. Nikamwambia apunguze. Akaufuta mstari wote. Palikuwa na neno mbunifu, nalo likaenda. Palikuwa na mahali pamesema anaona mambo ambayo wengine hawayaoni, tukatazamana, tukacheka, likaenda. Baba yake kitandani akasema mwongezee kwamba hali sana. Tulicheka siku ile, nakuambia.

Kilichobaki ni kwamba anafika kwa wakati, ana heshima, na anamaliza kazi aliyopewa. Mimi nilipoisikia nikaona barua ya adabu kabisa. Mwalimu akaitia saini akiwa amesimama mlangoni, kwa kalamu ya mpwa wako, bila kusoma.

Sasa wiki iliyopita alikuja Miwani, yule kijana waliyesoma naye, ambaye alikuwa akija hapa kufundishwa hesabu na mpwa wako mpaka chai yangu inaisha. Alikuja kuaga. Amekubaliwa chuo kile kile. Simlaumu, ana moyo mzuri, amekuja na mkate na mfuko wa sukari. Katika kuzungumza akacheka, akasema na yeye mwalimu yule yule alimwambia ajiandikie, basi akajipakaza sifa mpaka akaona haya, eti katika miaka yote ya kufundisha mwalimu hajapata kuona kichwa kama chake. Mwalimu akasaini. Akamuuliza mpwa wako, na wewe uliandika nini?

Akamwambia. Miwani akaacha kucheka.

"Dada," akasema, "hiyo ni barua ya kuombea kazi ya ulinzi."

Shemeji yako alikuwa amekaa pale pale na sare yake ya ulinzi, anavaa viatu aende zamu. Kijana alipomwona alitaka ardhi immeze. Shemeji yako akafunga kamba za viatu, akasema, "Hata mimi waliniandikia zaidi ya hapo, mwanangu." Akaondoka. Najua alitaka kutuchekesha. Hakuna aliyecheka.

Hawakutuambia sababu ni hiyo, wala hawatatuambia. Labda wangemkataa hata angeandika kwa dhahabu. Lakini ndiyo sababu tuliyonayo, na kila mtu humu ndani anaizunguka kama ndoo iliyowekwa katikati ya njia.

Nilimwambia ajaribu tena mwakani. Akanieleza kwa upole, kama mimi ndiye niliyekataliwa. Ule ufadhili wa kumlipia masomo hauchukui waliovuka umri fulani, na yeye mwaka huu anauvuka. Yule mwalimu naye amestaafu, amehamia kwa watoto wake, simu yake haipatikani. Nikasema basi atafutwe mwingine, na safari hii aandike kama Miwani. Hapo ndipo aliponiambia maneno ambayo yananifanya nikuandikie.

"Mama, wakati ule nilifuta kwa sababu ya adabu. Sasa nitafuta kwa sababu siamini."

Nilikuwa nimeshika shuka la watu. Nikalikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena.

Anaenda kazini kama kawaida, kiwanda kile cha sabuni, ambako wanamwita mhandisi na kumpa kazi ya kukagua maboksi kama yamebandikwa vizuri. Anarudi, anakula, anauliza kikohozi cha baba yake. Halii. Ningependa alie, ningejua pa kushika. Vitabu amevifunga kwa kamba ya mtumba na kuvisukuma chini ya kitanda. Anapotaka kufagia huko chini anapitisha ufagio pembeni.

Mdogo wangu, nimejaribu kumsifu. Akatabasamu akasema kina mama wote wanasema hivyo. Basi acha nikuambie wewe, maana yameniganda kifuani na saini yangu haitakiwi na chuo chochote.

Alikuwa bado mdogo, jino la mbele halipo, akaniuliza kwa nini sabuni ya mche inanikata mikono na ile ya wageni hainikati. Nikamwambia ile ya wageni ni ya bei. Akakaa akaangalia mikono yangu, akasema, lakini bei haikati. Nilimfukuza akacheze. Hakucheza.

Na hicho alichotaka kwenda kusomea nakielewa mimi, mtu niliyeishia darasa la nne, kwa sababu yeye anajua kueleza. Sabuni ikishaiva na kutiwa chumvi, inaelea juu, chini yanabaki maji mazito machafu. Ndani ya maji hayo kuna kitu kitamu, glisarini, kinachotiwa kwenye dawa za kikohozi na mafuta ya kujipaka. Viwanda vikubwa vina mitambo ya kukitoa. Vidogo kama chao vinamwaga mtaroni, halafu tunanunua dawa ya kikohozi dukani. Yeye alitaka kutafuta njia ambayo hata kiwanda kidogo kitaimudu. Alikuwa amejaribu na sufuria yangu ile ya uji. Alitoa tone moja, likawa zito kama asali, akanipaka kwenye vidole vilivyopasuka. Hayo hayakuandikwa popote. Niliyaona mimi na sufuria.

Sikuombi ufanye kitu. Najua huna mlango huko wa kugonga, na hata ungekuwa nao, hataki. Nimetaka tu awepo mtu mwingine anayeyajua, nje ya chumba hiki.

Kile chumba ulichomwekea, mdogo wangu, usikiache kikae bure tena. Mpangishe mtu, au mtoto wako mkubwa ahamie, ameshakuwa. Koti la baridi alilomshonea wifi livaliwe na yeyote litakayemwenea. Usimpigie kumpa pole. Pole amepewa na mtaa mzima, mpaka na kinyozi, na kila pole inamwinamisha zaidi. Ukipiga, mwambie habari za mgongo wako, akugombeze.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie namwombea miguu. Wasalimie watoto, na yule mzee jirani yenu aliyekufundisha kupita njia za huko. Shemeji yako anakusalimu, anasema uache ubishi na daktari. Mpwa wako hakusalimu kwa sababu hajui kama naandika.

Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, akupe kazi nyepesi na watu wapole. Sisi tupo.

Dada yako akupendaye hata ukibisha,
Mama wa mpwa wako