Machicha Yaliyoota Ukungu

Baba Dogo, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Rasoa. Miguu yako inaendeleaje tangu mvua ianze huko? Sisi mwilini tu wazima, na Nekesa ameota meno mawili ya mbele. Ila moyoni nimechoka, Mama, na nisipokueleza wewe nitapasuka.

Yule nguruwe wetu mwenye mimba ametoa watoto kabla ya siku zao. Tisa, wote wamekufa. Chanzo ni machicha ya pombe tunayomlisha. Mkweo huyashindilia kwenye pipa yachachuke, yakae muda mrefu. Sasa nailoni ya kufunikia ilipasuka, mvua ikaingia, nikakuta ukungu wa kijani. Nikamwambia tuyamwage. Akanicheka: "Umeona wapi nguruwe akichagua chakula?" Akaukwangua ukungu, akaendelea kumlisha.

Watoto walipokufa, unajua alimlaumu nani? Mama Njeri, mjane jirani yetu anayefuga ng'ombe mmoja. Alisimama uani akapaza sauti eti ana kijicho, ndiye aliyemtazama nguruwe vibaya. Ploti nzima ilisikia.

Kesho yake nikamwita daktari wa mifugo. Alichungulia pipa, akanusa, akatikisa kichwa.

"Ukungu huu una sumu. Kukwangua juu hakusaidii, imeshaingia ndani. Kuna mnyama mwingine aliyekula?"

Baba Nekesa akainama. Kumbe alikuwa amemuuzia Mama Njeri madebe mawili! Daktari akasema aonywe upesi, maana sumu hiyo hupita hata kwenye maziwa. Mkweo hakuinuka. Aibu ilimshika.

Nikaenda mimi. Mama Njeri alinifungia mlango, nikapiga kelele pale nje: "Usiwape watoto maziwa!" Akatoka, akanisikiliza mpaka mwisho, akaimwaga ndoo ya asubuhi mtaroni. Kisha akasema, "Wewe nimekusikia. Yeye aje mwenyewe, aseme mbele ya wale wale waliomsikia."

Leo ni siku ya nne, hajaenda. Ati mwanamume haombi msamaha uani. Nimesema mpaka sauti imekauka. Wewe anakuheshimu, Mama, mwandikie. Kila asubuhi namsikia Mama Njeri akikamua, kisha namsikia akimwaga.

Nisalimie dada Nafula na mumewe mwalimu, na mjomba wetu fundi baiskeli. Shangazi mwambie kitambaa chake nimekipata.

Ni mimi mwanao, mwenye hasira leo lakini akupendaye siku zote,

Rasoa